Muhammad Husain Azad na karatasi za mwalimu wake

Wasomaji wengine watajiuliza: jarida la seminari lina shauri gani na mwalimu Mwislamu wa mji wa Delhi, mtu aliyetumia maisha yake kwa kupima mashairi ya waridi na divai? Swali ni la haki. Tungeweza kujibu kwamba Mtaguso Mkuu wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya dini zisizo za kikristo, ulitualika kuwatazama Waislamu kwa heshima, na kwamba si heshima kumsifu mtu ambaye hatujasoma hata ukurasa wake mmoja. Lakini sababu yetu hasa ni nyingine. Muhammad Husain Azad alikuwa mtu wa kupokea maneno ya wengine na kuyapeleka mbele. Katika kazi hiyo alifanya tendo moja la ushujaa na tendo moja baya, na yote mawili aliyafanya kwa mapendo yale yale. Sisi tunaopanda mimbarini, tunaofundisha katekisimu vijijini, tunaoandika maneno ya wazee ili yasipotee, kazi yetu ya kila siku ni ya namna hiyo.

Kwanza tuseme machache juu ya lugha yenyewe. Kiurdu kilikua kaskazini ya Uhindi. Leo ni lugha ya taifa ya Pakistan, na katika India mamilioni ya watu huisema. Sarufi yake ni ya kihindi, lakini huandikwa kwa herufi za kiarabu kwa namna ya Waajemi, na imepokea maneno mengi ya kiajemi na ya kiarabu. Kwa hiyo mtu wa Kongo anayejua Kiswahili, akisomewa ukurasa wa Kiurdu, hukuta humo jamaa zake asiowatazamia: kitab, dunya, waqt, sabab, khabar. Kwetu maneno hayo yalipita pwani, yakavuka ziwa Tanganyika. Kwao yalipita nchi ya Waajemi. Hata ustad, jina la heshima la mwalimu wa mashairi, ni ndugu ya neno letu stadi. Neno hilo tulishike, maana tutalihitaji.

Azad alizaliwa Delhi mwaka 1830. Muhammad Husain ni jina lake la nyumbani. Azad, maana yake "huru", ni jina alilojichagulia kwa ushairi, kama desturi yao. Mama yake alikufa yeye angali mtoto mdogo. Baba yake, Maulvi Muhammad Baqir, alikuwa mtu wa elimu, Mwislamu wa upande wa Shia, mwenye mtambo wa kupiga chapa. Ndiye aliyeanzisha gazeti la Delhi Urdu Akhbar, mojawapo la magazeti ya kwanza ya lugha hiyo. Na akhbar si kitu kingine ila habari zetu. Kijana alisoma katika Chuo cha Delhi, ambapo elimu ya kiarabu na kiajemi ilikaa chini ya paa moja na elimu ya Ulaya, kisha akamsaidia baba yake katika gazeti.

Rafiki wa baba huyo alikuwa Sheikh Ibrahim Zauq, mshairi wa jumba la mfalme. Mfalme mwenyewe, Bahadur Shah, wa mwisho wa ukoo wa Wamogoli, hakuwa tena na nguvu nje ya kuta za ngome yake. Waingereza walimlipa posho tu. Lakini alitunga mashairi, na Zauq alikuwa ustad wake. Kijana Muhammad Husain alikuwa akienda kwa Zauq, akiketi karibu naye, akisikiliza. Zauq alikufa mwaka 1854.

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu asiyefahamu mapatano ya ustad na mwanafunzi hatafahamu kosa la Azad. Katika ushairi wa Delhi hakuna mtu aliyejifundisha peke yake. Kijana alimtafuta ustad, akampelekea ghazal zake. Ghazal ni shairi la beti za mistari miwili miwili, kila ubeti ukisimama peke yake kwa maana, lakini wote ukifungwa kwa mizani moja na kina kimoja. Ustad alisoma, akafuta neno hapa, akatia neno pale, pengine akageuza mstari mzima, kisha akarudisha karatasi. Kazi hiyo iliitwa islah, ndiyo suluhu kwa ndugu yetu Mwarabu, maana yake kutengeneza. Mwanafunzi aliposimama katika mushaira (msomaji asikie neno shairi ndani yake), mshumaa ulipowekwa mbele yake, alisoma shairi lililotengenezwa, nalo lilikuwa lake. Hakuna aliyesema ni wizi. Jina la mwanafunzi lilibaki, mkono wa ustad ulijificha. Maji yalitelemka kutoka juu kwenda chini, hayakupanda.

Mwezi wa tano mwaka 1857 askari wahindi wa Kampuni ya Waingereza waliasi katika mji wa Meerut, na kesho yake, tarehe 11, wakaingia Delhi, wakamweka Bahadur Shah mbele yao kama mfalme wao. Gazeti la Baqir lilishika upande wa waasi, na kijana Azad alichapisha humo shairi la kushangilia. Katika fujo hizo Mwingereza Taylor, mkuu wa Chuo cha Delhi, aliuawa. Inasimuliwa kwamba alikuwa amekimbilia kwanza nyumbani kwa Baqir. Mwezi wa tisa Waingereza waliutwaa mji tena. Baqir alikamatwa, akauawa.

Azad mwenyewe amesimulia yaliyompata siku ile, na kwa maoni yetu hakuna ukurasa mwingine wa kazi yake unaofikia huo. Askari washindi waingia nyumbani na bunduki: tokeni upesi. Nyumba imejaa vitu. Atachukua nini? Macho yake yaangukia kifurushi cha karatasi za Zauq, ghazal ambazo bado kupigwa chapa. Anawaza kwamba, Mungu akimjalia maisha, vitu vingine vyote vyaweza kupatikana tena. Lakini ustad amekwisha kufa, nani atakayezitunga tena ghazal zake? Zikipotea hizi, Zauq amekufa mara ya pili. Basi akachukua kifurushi kwapani, akaiacha nyumba iliyojaa, akatoka na watu ishirini na wawili wa jamaa yake, wote nusu hai. Fedha na vyombo hakugusa.

Tuliposoma hayo mara ya kwanza tuliwakumbuka wale wakristo wa kale waliotakiwa na majemadari wa Diocletianus kutoa vitabu vitakatifu, wengine wakavitoa, wengine wakafa. Mfano si sawa kabisa, twajua. Ghazal si Maandiko. Lakini mtu ambaye nyumba yake inapotea akachagua maneno ya mwalimu wake, huyo tumheshimu kabla ya kumhukumu.

Miaka iliyofuata tuipite upesi, kwa sababu yeye mwenyewe hakupenda kuisimulia. Alizunguka nchi akiwa mtoto wa mtu aliyeuawa na serikali, akafika Lahore, akapata kazi ndogo katika posta, kisha mwaka 1864 katika ofisi ya masomo. Bwana Leitner, mkuu wa kwanza wa Chuo cha Serikali cha Lahore, alimpenda. Mwaka 1865 Leitner alianzisha chama cha elimu, Anjuman-e Punjab, na Azad akawa katibu wake. Mwaka huo huo serikali ilimtuma pamoja na wengine katika safari ya upelelezi mpaka nchi za Asia ya kati. Baadaye akafundisha Kiarabu katika Chuo cha Serikali. Mwaka 1887, kwa jubilei ya malkia Victoria, alipewa sifa ya Shams ul-Ulama, yaani Jua la Wanavyuoni. Mkono uliomtunuku ulikuwa wa serikali iliyomwua baba yake. Wako waliomlaumu kwa hayo. Sisi hatuoni haja. Alikuwa na watoto wa kulisha, na Delhi ya ujana wake haikuwapo tena. Bahadur Shah alikuwa amekufa uhamishoni Rangoon mwaka 1862.

Jambo la kuangalia zaidi ni yale aliyoyasema kuhusu mashairi. Mwezi wa tano mwaka 1874, mbele ya Kanali Holroyd, mkubwa wa masomo wa Punjab, Azad alitoa hotuba ya kuanzisha mushaira za namna mpya. Zamani washairi walipewa mstari wa kielelezo, kila mmoja akatunga kwa vina vyake. Sasa watapewa jambo la kutungia: mvua, tumaini, mapendo ya nchi. Mashairi ya wazee, alisema, yamefungwa katika bustani moja, yazunguka waridi lile lile na ndege yule yule. Mapambo mapya yamo katika masanduku ya Waingereza, nao wajuao Kiingereza ndio wenye ufunguo. Mwenyewe Kiingereza alikijua kidogo tu. Mikutano ile haikumaliza hata mwaka mmoja. Rafiki yake Altaf Husain Hali alileta humo mashairi mazuri. Ya Azad mwenyewe yalichekwa na wengi, na hatuwezi kuwalaumu.

Tazameni basi mtu huyu. Mkono mmoja umeshika kifurushi cha Zauq, mshairi wa waridi na ndege kupita wote. Mkono wa pili waandika kwamba ushairi huo umekauka. Wasomi wa siku zetu wamelieleza jambo hili vizuri. Bibi Frances Pritchett, Mmarekani, katika kitabu chake cha mwaka 1994, Nets of Awareness, ameonyesha namna Azad na Hali, baada ya msiba wa mwaka 1857, walivyoanza kuwapima wazee wao kwa kipimo cha washindi. Aliyeshindwa vita hujiuliza kosa lake liko wapi, na mara nyingi hulitafuta katika kitu anachokipenda zaidi. Sisi wa Kongo hatuhitaji maelezo marefu ili kulifahamu hilo.

Mwaka 1880 kilitoka kitabu chake kikubwa, Ab-e Hayat, yaani Maji ya Uhai. Ni historia ya washairi wa Kiurdu, iliyopangwa katika zamu tano, tangu Vali aliyetoka kusini mpaka watu wa siku za Azad. Kabla yake yalikuwapo makusanyo ya majina, kila mshairi na mistari michache na beti chache. Yuko pia Mfaransa Garcin de Tassy, aliyeandika huko Paris historia nzima ya fasihi hiyo bila kukanyaga Uhindi hata siku moja (na kazi yake si mbaya!). Lakini Azad alikuwa wa kwanza kuwafanya washairi watembee, waongee, wakasirike. Kwa ajili hiyo kitabu kilisomwa mashuleni na majumbani, na hata leo Waurdu wanamwona Mir au Sauda kwa macho ya Azad, wakijua au wasijue.

Chukueni hadithi za Mir Taqi Mir, mshairi mkubwa wa karne ya 18. Anasafiri kutoka Delhi kwenda Lucknow, hana nauli ya kutosha, akodi gari pamoja na mtu mwingine. Njiani mtu yule amsemesha. Mir ageuza uso. Baadaye asemeshwa tena, akasirika: umelipa nauli, kaa garini, maongezi yatoka wapi? Ni kwa kupitisha wakati tu, asema mwenzake. Ndiyo, ajibu Mir, wewe wapitisha wakati, na mimi lugha yangu yaharibika. Tena: Mir apewa nyumba yenye madirisha ya kutazama bustani. Miaka yapita, madirisha hayajafunguliwa. Rafiki amwonyesha bustani. Kumbe kuna bustani? asema Mir, na kuonyesha karatasi zake: yeye alikuwa akiitazama bustani hii. Tena: Mir aingia Lucknow na mavazi ya zamani, vijana katika mushaira wamcheka, wamwuliza kwao ni wapi, naye awajibu kwa beti juu ya Delhi iliyobomolewa, wote wakanyamaza.

Ni hadithi nzuri sana. Tatizo ni kwamba beti zile za Delhi hazimo katika mashairi ya Mir yaliyohifadhiwa. Wasomi wamezitafuta, hawakuziona. Hadithi ya Mir imejengwa juu ya maneno ambayo inaonekana Mir hakuyasema, na sasa kila mtoto wa shule anayajua kuliko maneno aliyoyasema kweli.

Yako makosa mengine. Azad alifungua kitabu kwa kusema kwamba Kiurdu kimezaliwa na Braj, lugha ya upande wa Mathura. Wenye elimu ya lugha hawakubali tena. Wanawake hawamo kitabuni, washairi Wahindu karibu hawamo. Katika toleo la kwanza alimwacha Momin, mmoja wa wakubwa wa Delhi, jirani yake kwa miaka na mitaa. Watu wakalalamika, na katika toleo la pili, mwaka 1883, Momin akaingia. Juu ya wakati wa kwanza wa lugha, Shamsur Rahman Faruqi, mhakiki mkubwa kupita wote wa Kiurdu katika siku zetu (alikufa mwaka 2020), amesahihisha mambo mengi katika kitabu chake cha mwaka 2001. Ameonyesha kwamba kabla ya Vali ilikuwako fasihi kubwa huko Gujarat na Deccan, karne nyingi, ambayo Azad aliiruka kwa hatua moja kwa sababu Delhi haikuwamo. Lakini Faruqi huyo huyo alishirikiana na Bibi Pritchett kuitafsiri Ab-e Hayat kwa Kiingereza, nayo ikatoka mwaka ule ule wa 2001. Alimpinga Azad, tena akatoa miaka ya maisha yake ili wengine wapate kumsoma. Tulilipenda sana jambo hilo. (Faruqi naye alikuwa mtu wa posta, alifanya kazi ya posta ya India mpaka alipostaafu. Inaonekana posta ni seminari ndogo ya wahakiki wa Kiurdu.)

Na Zauq? Katika Ab-e Hayat Zauq amepewa nafasi kuliko wote. Ghalib, ambaye leo karibu kila mtu humtaja kwanza, amepokelewa kwa adabu, lakini milango ya karamu amefunguliwa Zauq. Azad asimulia ugomvi wao wa mwaka 1852, wakati Ghalib alipotunga wimbo wa arusi ya mtoto wa mfalme na kujisifu mwishoni, na mfalme akamwamuru Zauq kujibu. Asimuliapo, mtu asikia furaha yake kwamba ustad alishinda. Tena asema kwamba sehemu kubwa ya mashairi yanayoitwa ya Bahadur Shah ni kazi ya Zauq, kwa kuwa mfalme alipeleka mstari mmoja au nusu ya wazo, na ustad akatunga mengine. Wengine wamekataa, wanaona mfalme alikuwa mshairi wa kweli. Shauri hilo tusiliamue hapa. Tuangalie tu umbo lake: ustad aliyeandika, mwanafunzi aliyetia jina.

Mwisho wa maisha yake, karibu na mwaka 1890, Azad alitimiza ahadi ya siku ile ya bunduki: alitoa mashairi ya Zauq katika kitabu kimoja, pamoja na maelezo ya lini na kwa sababu gani kila shairi lilitungwa. Wanafunzi wengine wa Zauq walikuwa wametangulia kutoa mkusanyo wao. Katika ule wa Azad mlikuwa na mengi ambayo wao hawakuwa nayo. Watu walifurahi, ndicho kifurushi kile kilichookolewa.

Baadaye Hafiz Mahmud Shirani, mwalimu wa Lahore, aliyezaliwa mwaka ule ule wa Ab-e Hayat, 1880, na kufa mwaka 1946, alizichunguza karatasi zenyewe. Akaona maandiko ya mkono wa Azad. Si nakala safi kama ya mtu anayenakili. Ni maandiko ya mtu anayetunga: neno limefutwa, jingine limejaribiwa, limefutwa nalo. Azad alikuwa amezitengeneza ghazal za Zauq. Nyingine alikuwa amezitunga mwenyewe, zote, na kuziandikia jina la mwalimu wake. Wengine baada ya Shirani wamelichunguza jambo hilo, na Qazi Abdul Wadud wa Patna, mtu mkali sana katika mambo ya ushuhuda, amemhukumu Azad kuwa mtafiti asiyeaminika.

Tunaona hukumu hiyo ni ya kweli, lakini haisemi yote. Mwizi wa kawaida huchukua kazi ya mwenzake na kuiandikia jina lake. Azad alifanya kinyume: alichukua kazi yake na kuiandikia jina la mwenzake. Hakupata faida ya fedha wala sifa. Kama beti zile zilikuwa nzuri, sifa ilikwenda kwa Zauq. Ndilo kosa la mtu anayependa. Tena lilikuwa kosa la mtu aliyelelewa katika islah. Maisha yake yote alijua kwamba anayependa shairi hulitengeneza na kujificha. Ila aligeuza mto upande wake: islah ilikuwa haki ya ustad juu ya mwanafunzi aliye hai, anayeweza kukubali au kukataa, na si haki ya mwanafunzi juu ya ustad aliyekufa, asiyeweza kusema neno. Mwanafunzi hurudishiwa karatasi yake. Nani angemrudishia Zauq karatasi yake?

Tuongeze kwamba katika mwaka 1880 Azad alitoa pia kitabu cha insha za mafumbo, Nairang-e Khiyal, ambacho wengi wanakiona kuwa nathari nzuri kuliko zote za Kiurdu. Baadaye ilijulikana kwamba insha nyingi zimetoka kwa Waingereza Johnson na Addison, na msomaji hakuambiwa ni ukurasa gani ulikuwa wa nani. Huku maneno ya wengine kwa jina lake, huku maneno yake kwa jina la mwingine. Kwa mtu huyu mpaka kati ya kinywa chake na kinywa cha mwenzake haukuwa imara. Mara nyingi ndio uliomfanya mwandishi mkubwa: aliweza kumsemesha Mir kama kwamba alikuwa naye garini.

Je, sisi ni safi? Lazima tuungame jambo. Miaka iliyopita tulikabidhiwa daftari la katekista mmoja mzee, marehemu, ambamo alikuwa ameandika mafundisho yake na methali za kwao. Tulitaka kutoa kurasa chache. Kiswahili chake kilikuwa cha kwake, na mafundisho mengine tuliyaona mafupi mno, tukayanyosha. Methali moja iliyoonekana kuwa na kisirani tukaigeuza kidogo ili imalizike kikristo. Zilipotoka, watoto wake walitushukuru sana. Lakini mwanamke mmoja, aliyefundishwa naye kabla ya ubatizo, alisoma ile methali, akacheka, akasema: huyu si yeye. Hakukasirika hata kidogo. Alirudisha jarida mezani, akauliza kama daftari lenyewe bado tunalo.

Tulikuwa nalo. Kwa hiyo tuna bahati kuliko msomaji wa Zauq, kwani makosa yetu yaweza kuonekana. Kuhubiri ni kazi nyingine: mhubiri husema kwa kinywa chake, na watu wote wanajua kwamba anaeleza. Mtafsiri naye hujulikana. Anayeweka jina la mwingine juu ya ukurasa anatoa ushuhuda, na hapo uzuri wa neno hauwezi kulipa deni la ukweli wake. Mtume Paulo alipomwonya Timoteo juu ya amana, alitumia neno la watu waliowekewa mali na rafiki anayesafiri: aliyewekewa hakuruhusiwa kuitumia, wala kuiongeza kwa kuichanganya na yake. Walimu wetu wa teolojia wanalieleza kwa ajili ya imani, ambayo hatuwezi kuilinganisha na kitu kingine. Lakini karani anayenakili maneno ya mzee wa kijiji naye amewekewa kitu.

Hatuwezi kusahau pia hali yake alipoitengeneza kazi ile ya mwisho. Wengi wa watoto wake walikuwa wamekufa. Binti yake aliyempenda sana, aliyekuwa mwenzake katika masomo, alikufa pia. Alisafiri Iran mwaka 1885, akarudi na vitabu vingi, akaviwekea maktaba huko Lahore. Kisha akili yake ikaanza kuvurugika, ikapotea kabisa, na aliishi hivyo karibu miaka ishirini, akiandika bado, kurasa nyingi ambazo hakuna awezaye kuzifahamu. Alikufa Lahore tarehe 22 Januari 1910.

Kati ya matengenezo ya mtu mzima na ya mtu aliyeanza kuugua, nani atachora mstari? Shirani hakujaribu kumtetea kwa njia hiyo, wala sisi. Karatasi nyingine zilizofutwa-futwa ni za mkono thabiti, wa mtu anayejua vizuri kina anachokitafuta. Siku hizi, atakaye kumsoma Zauq hufungua kwanza mkusanyo wa wale wanafunzi wengine, waliokuwa na mashairi machache, na kutazama kama ghazal imo humo. Ikiwa haimo, ikiwa iko kwa Azad peke yake, huisoma hivyo hivyo, wala hajui anamsikiliza nani.